Jinsi ya Kuanzisha na Kudumisha Timu ya Wanawake katika Klabu ya Mtaa

Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara ilipochezwa kwa mara ya kwanza, msimu wa 2016/17, ubingwa ulichukuliwa na Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo ulio kando ya barabara ya Morogoro, mkoani Pwani. Misimu miwili iliyofuata kombe lilikwenda kwa JKT Queens, yenye Jeshi la Kujenga Taifa nyuma yake, kisha Simba Queens wakalitwaa mara tatu mfululizo. Naanza na historia hii kwa sababu klabu ya mtaa inayotaka kuunda timu ya wanawake inapaswa kuijua: kufika juu kunawezekana, lakini kudumu ni kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo huanza siku ya kwanza, kabla hata ya mpira kupigwa.

Klabu nyingi huanza kwa kununua jezi na kupiga picha. Ninyi anzeni na uwanja. Mtaa wenye uwanja mmoja huugawa kati ya watoto, timu ya wanaume na maveterani, na saa nzuri, yaani kuanzia saa kumi hadi karibu na magharibi, huwa zimekwisha kuchukuliwa. Katika klabu ambayo niliwahi kuwa katibu wake tuliwapangia wasichana muda uliobaki, baada ya wanaume kumaliza, na kabla msimu haujafika nusu tulikuwa tumepoteza wachezaji wengi, si kwa sababu hawakuupenda mpira, bali kwa sababu hakuna mzazi aliyekubali binti yake arudi nyumbani gizani. Kwa hiyo kaeni na kocha na nahodha wa timu ya wanaume, mkubaliane siku mbili au tatu za wiki ambazo uwanja ni wa wanawake kuanzia saa kumi alasiri, muandike ratiba hiyo, muitie saini na kuibandika mahali ambapo kila mwanachama ataiona. Siku timu ya wanaume itakapokuwa na mechi kubwa kesho yake na kuomba "leo tu" watumie uwanja, jibu liwe ratiba ile iliyobandikwa.

Baada ya uwanja ni katiba. Itisheni mkutano mkuu, mrekebishe katiba ili timu ya wanawake itajwe kuwa timu kamili ya klabu, iwe na fungu lake katika bajeti, na wanawake wasiopungua wawili waingie katika kamati ya utendaji wakiwa na kura. Timu isiyotajwa katika katiba huishi kwa hisani ya mwenyekiti aliyepo, na mwenyekiti huyo akiondoka nayo hufa. Kama klabu bado haijasajiliwa, nendeni kwa afisa michezo wa halmashauri yenu, ambaye atawaelekeza namna ya kupeleka maombi, katiba na orodha ya wanachama kwa msajili, kwa mujibu wa sheria iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967. Kisha onaneni mapema na katibu wa chama cha mpira wa miguu cha mkoa kuhusu ada na tarehe ya mwisho ya kujiandikisha katika ligi ya wanawake ya mkoa, kwa kuwa huko ndiko ngazi inakoanzia.

Wachezaji wapo, hasa shuleni. Tazameni michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari kuanzia ngazi ya kata, kwa sababu ikifika ngazi ya mkoa wengine watakuwa wamekwisha kuwaona. Msiwatazame wacheza soka peke yao: msichana aliyezoea kudaka mpira wa netiboli hujifunza kazi ya kipa haraka kuliko mtu anavyodhani.

Kumpata mchezaji, hata hivyo, ni kumpata mzazi. Nendeni nyumbani, mkiwa na mwanamke mtu mzima anayeheshimika mtaani, mbishe hodi, mketi, mwelezeni mzazi siku za mazoezi, saa ya kumaliza, nani atawarudisha wasichana na nani apigiwe simu kukiwa na jambo. Msimwahidi utajiri. Akiuliza mpira utamfikisha wapi binti yake, mwambieni habari za Serengeti Girls, wasichana walio chini ya miaka 17 waliokwenda Kombe la Dunia nchini India mwaka 2022, wakaifunga Ufaransa mabao 2-1, wakatoka sare na Kanada na kufika robo fainali. Akiuliza kuhusu stara, mwambieni kwamba tangu mwaka 2014 sheria za mpira zinaruhusu mchezaji kufunika kichwa, na kwamba binti anaweza kuvaa nguo ndefu za kubana chini ya jezi na bukta.

Jambo ambalo halina mjadala ni usalama wa wachezaji. Teueni matroni, mwanamke mwenye mamlaka halisi, atakayekuwapo katika kila mazoezi na kila safari. Kocha asikae faraghani na mchezaji, asimpakie peke yake katika pikipiki au gari lake, wala asimwandikie ujumbe wa simu wa peke yake usiku; taarifa zote zipitie katika kundi ambalo matroni na wazazi wamo. Tafuteni mahali pa kubadilishia nguo, hata kama ni darasa la shule ya jirani lenye mlango unaofungwa. Likitokea lalamiko, lisimalizwe kimyakimya ndani ya kamati kwa ajili ya kulinda jina la klabu: mhusika asimamishwe mara moja, na jambo lifikishwe kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.

Katika mazoezi, chukueni dakika 20 za mwanzo kwa mpango wa FIFA 11+, ambao unachanganya kukimbia, kuimarisha misuli, kuruka na kutua vizuri. Wanawake huumia kano za ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na mpango huu hupunguza majeraha bila kuhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na koni. Katika sanduku la huduma ya kwanza wekeni taulo za kike, na katika bajeti ya vifaa hesabuni sidiria za michezo pamoja na viatu vya saizi ndogo, badala ya kuwagawia wasichana njumu zilizochakaa za wanaume.

Kuhusu fedha nitasema machache. Michango isiingie katika simu ya mtu binafsi; fungueni akaunti au lipa namba yenye jina la klabu, kila malipo yawe na saini mbili, na daftari lisomwe mbele ya wachezaji wenyewe kila mwezi. Nauli ndiyo itakayowamaliza, hivyo wekeni akiba ya kukodi Coaster ya mechi za ugenini kabla ya kufikiria jezi mpya.

Mkifanya vizuri, klabu kubwa zitakuja kuwachukua wachezaji wenu. Msiwazuie, kwa maana mchezaji aliyefungiwa njia huacha mpira au huondoka kwa ugomvi. Takeni mazungumzo ya maandishi yenye mzazi ndani yake ikiwa mchezaji hajatimiza miaka 18, mwelewane kuhusu masomo yake, matibabu akiumia na mahali atakapolala, kisha ombeni kitu chenye manufaa kwa timu: mipira, mechi ya kirafiki katika uwanja wenu, au wachezaji wa mkopo. Na wale wanaobaki, hasa wanaokaribia kustaafu, wapelekeni katika kozi za awali za ukocha na hatimaye leseni ya ukocha ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika, daraja D, klabu ikiwalipia ada, ili msimu ujao timu ya wasichana wadogo iwe na kocha aliyecheza katika uwanja huohuo.