Beringi ya gurudumu la mbele: namna ya kuibadilisha bila kuiua mezani

Beringi ya kwanza niliyobadilisha kwa mikono yangu ilidumu wiki sita. Nati zote nilikaza, hakuna kilichobaki sakafuni, nikajisifu. Kisha ule mvumo wa beringi mbovu ukarudi. Nilipoifungua nikakuta njia ya gololi ina vishimo vidogo vilivyopangana kwa nafasi sawa, kila kishimo saizi ya gololi yake. Niliiua mimi mwenyewe kwenye presi, mashine ya kushindilia vyuma, kabla haijazunguka hata mara moja.

Gari langu lina miaka zaidi ya 20, linavutwa na magurudumu ya mbele, na beringi zake hushindiliwa ndani ya nyumba zake, yaani vipande vya chuma vinavyozishika. Ikiwa lako lina beringi iliyoungana na habu (kitovu kinachobeba rimu) na kufungwa kwa boliti tatu au nne, una bahati: unafungua hii, unafunga ile, na sehemu kubwa ya maelezo haya haikuhusu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kweli ni beringi. Mvumo wake hupanda na mwendo wa gari, hata ukitoa gia. Tairi lililolika vibaya nalo huvuma, ila sauti yake hubadilika lami inapobadilika. Ukikata kushoto, uzito huegemea kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Halafu piga jeki, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki: likiacha kucheza, shida ni beringi, likiendelea, angalia bolijointi, kiungo cha chini cha gurudumu. Likicheza kushoto na kulia tu, anza na tairodi, fimbo ya usukani. Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kiganja. Kiweke kwenye springi ya shokapu, zungusha tairi kwa mkono mwingine. Beringi iliyochoka utaihisi kama mchanga unasagwa, hata kabla haijaanza kucheza.

Kazi yenyewe huanza gari likiwa bado chini. Toa kifuniko cha katikati ya rimu, inua kwa tindo ule ukingo uliopondwa kuifungia nati ya shafti (mhimili unaozungusha gurudumu), kisha mtu akanyage breki wewe ukiilegeza. Nati hii ni ngumu. Kwangu ilitaka bomba la mita moja juu ya mpini wa soketi, na hata hivyo nilidhani nimekata kitu ilipoachia. Ilegeze tu, usiitoe, na usilisukume gari baada ya hapo. Legeza pia nati za tairi, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo, inua, weka stendi. Jeki ni ya kuinulia. Usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Toa tairi, toa kalipa (kishikio cha pedi za breki) na uining'inize kwa waya kwenye springi. Ukiiacha ining'inie kwa mpira wa breki utaupasua kwa ndani na hutaona. Toa diski. Kama gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki), toa sensa yake kwa upole; zikishika kutu huvunjika, na ikikataa ni heri kuchomoa waya wake juu na kuiacha ndani kuliko kuing'oa. Fungua tairodi na bolijointi. Boliti za shokapu zipige alama ya rangi kabla ya kulegeza, maana kwenye magari mengine ndizo zinazoshika mlalo wa gurudumu. Shafti isukume nje huku nati ikiwa imebaki kwenye nyuzi za mwisho, ukigonga kwa kipande cha mbao katikati. Usiivute kwa nguvu. Jointi ya ndani inaweza kuachana, na hapo umejiongezea kazi.

Sasa una nyumba ya beringi mkononi. Ukiwa huna presi, ipeleke kwa mwenye nayo. Nyundo nimewahi kuitumia, na siishauri.

Presi itatoa habu kwanza, na karibu kila mara nusu ya ringi ya ndani itabaki imeng'ang'ania habu (beringi ina ringi ya ndani na ya nje, gololi zikiwa katikati). Usifadhaike. Vaa miwani, chukua grainda, kata mfereji kwenye ringi hiyo bila kufika kwenye habu, kisha weka tindo kwenye mfereji na ugonge mara moja kwa nguvu. Ringi ni chuma kigumu, itapasuka na kulegea. Kagua pale ilipokuwa imekaa: mkwaruzo mdogo futa kwa msasa, ila kama chuma kimeliwa au kina rangi ya bluu ya kuungua, badilisha habu pia. Kisha toa saklipi, pete ya chuma inayoizuia beringi isitoke, ndipo usukume ringi ya nje itoke. Ukisahau saklipi unaweza kuvunja nyumba nzima.

Safisha tundu mpaka ling'ae. Beringi mpya naiweka kwenye friza usiku mzima, ndani ya mfuko wake, isinywee unyevu. Chuma hupungua kidogo kwa baridi na hilo hulainisha kazi. Kama ina pete ya sumaku ya ABS upande mmoja, upande huo huelekea kwenye sensa. Ukiugeuza, taa ya ABS itawaka na utarudi mwanzo. Iweke mbali na sumaku yoyote ya karakana.

Hapa ndipo nilipokosea. Beringi inapoingia kwenye nyumba, kinachobana ni ringi ya nje, basi sukuma ringi ya nje peke yake. Ile ringi ya zamani, ukiisaga pembeni ili isikwame tunduni, ndicho kisukumio bora. Ikishafika mwisho, funga saklipi mpya mara moja, kwa sababu ukishaingiza habu hutaifikia tena. Kisha igeuze kazi. Habu inapoingia, kinachobana sasa ni ringi ya ndani, kwa hiyo chini yake weka bomba au soketi inayokaa kwenye ringi ya ndani pekee. Mara ya kwanza mimi niliegemeza nyumba nzima mezani na kuishindilia habu. Tani zote za presi zikapita kwenye gololi. Zungusha kwa mkono ukimaliza: iwe nzito kidogo lakini laini, bila kukwama. Usiongeze grisi, imefungwa na sili zake na ina ya kutosha.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, isipokuwa mambo mawili. Nati ya shafti iwe mpya, na ikazwe kwa spana inayopima nguvu, kufuata kitabu cha gari lako. Mengi huangukia kati ya Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 180 na 300, tofauti kubwa mno kukisia. Na ikazwe gurudumu likiwa hewani, mtu amekanyaga breki. Nati ndiyo inayobana nusu mbili za ringi ya ndani pamoja, hivyo uzito wa gari ukishuka kabla ya hapo, gololi zinabeba mzigo vibaya. Wengi hukaza gari likiwa chini kwa sababu ni rahisi. Mimi nimeacha.

Magari ya zamani zaidi, hasa yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mbele yana beringi mbili za rola zilizochongoka. Hizo hazihitaji presi ya habu. Unazijaza grisi kwa kiganja, unakaza nati huku ukizungusha gurudumu ili zikae, unailegeza, kisha unairudisha kwa nguvu ya vidole na kufunga pini mpya. Mchezo mdogo sana unaruhusiwa. Ukizikaza kama nati ya shafti, zitaungua.

Kabla ya kuondoka, pampu breki mpaka kanyagio liwe gumu. Nimewahi kusahau, nikasimamishwa na ukuta wa gereji. Endesha kama kilomita 10, simama bila kutumia breki sana, gusa katikati ya rimu zote mbili za mbele. Zinapaswa kulingana joto. Nati za tairi zikaze tena baada ya kilomita 50 hivi. Upande wa pili usiuguse kama kiganja chako hakijasikia mchanga kwenye springi yake.