Kabla hujachora grafu, jiulize nukta moja ni nini

Msimu wa ripoti za fildi ukifika hapa Moshi, steshenari yangu hujaa tangu saa mbili asubuhi. Wanafunzi wanakuja na flashi, makatibu wa vyama vya msingi wanakuja na daftari la mizani, na siku nyingine anaingia kijana wa mlimani na namba alizoandika kwenye simu. Wote wananiambia neno lile lile: "Nitengenezee grafu hapo." Nikiuliza ipi, jibu ni "yoyote nzuri." Basi navuta karatasi iliyoharibika kwenye printa, nageuza upande mweupe na kuwapa kalamu. Kompyuta inangoja kwanza.

Anza kwa kuandika swali lako kwa sentensi moja, na ndani yake wawepo wawili wanaohusiana. "Je, shamba linalowekwa samadi zaidi linatoa kahawa zaidi?" Samadi na kahawa, hao ndio wawili wako. Vitabuni wanaitwa vigeu, kwa sababu kiasi chake hugeuka kutoka shamba hadi shamba. Kile unachodhani kinasukuma kinakaa mstari wa chini, na kile kinachosukumwa kinakaa mstari wa kusimama. Sentensi yako ikiwa na kitu kimoja tu, mfano idadi ya wanachama kwa kila kijiji, hapo hakuna uhusiano wa kuonyesha. Weka jedwali dogo uendelee na kazi nyingine.

Swali la pili ndilo linalowakwaza wengi: nukta moja kwenye grafu yako ni nini? Kuna dada mmoja alikuja na grafu ya samadi na kahawa, nukta tano zimepangika kama wanafunzi mstarini asubuhi, na mstari mzuri umepita katikati yake. Nikamwuliza, "Dada, hii nukta ni nani?" Akasema ni wakulima. Nikamwuliza ni mkulima mmoja au ni kijiji. Akanyamaza kidogo, kisha akafungua daftari. Alikuwa amezungumza na wakulima thelathini na wanane, halafu akatafuta wastani wa kila kijiji, na vijiji ni vitano. Yaani watu thelathini na wanane wamekuwa nukta tano.

Tuliporudisha wakulima wote, ule mstari mzuri ukageuka wingu. Alihuzunika, nikamwelewa. Lakini wingu ndilo lililokuwa shambani. Wastani hufuta tofauti za watu ndani ya kijiji, kwa hiyo uhusiano wa wastani mara nyingi huonekana wa nguvu kuliko uhusiano wenyewe. Ukitaka kusema habari za wakulima, nukta iwe mkulima. Ukitaka kusema habari za vijiji, nukta tano zinaruhusiwa, ila usizifasiri kama habari za mkulima.

Hatukuishia hapo. Kulikuwa na nukta moja pembeni kabisa, juu kulia, imejitenga kama nyumba ya tajiri. Ni mzee mwenye shamba kubwa kuliko wote. Ana ng'ombe wengi kwa hiyo samadi nyingi, ana miche mingi kwa hiyo kahawa nyingi. Ukimwacha hivyo, yeye peke yake anauvuta mstari juu, na grafu inachoonyesha ni kwamba mashamba makubwa ni makubwa. Tukagawanya kila kitu kwa idadi ya miche: samadi kwa mche, kilo za kahawa kwa mche. Mzee akarudi kundini na wenzake. Kwa hiyo kabla hujaenda fildi, hakikisha dodoso lako lina kitu cha kugawanyia, iwe miche, ekari au watu wa nyumbani. Ukisahau kuuliza, utapanda tena daladala kurudi Kibosho.

Na kwa kahawa kuna jambo jingine. Arabika ikizaa sana mwaka huu, mara nyingi mwaka unaofuata hupumzika. Ukipima msimu mmoja tu, unaweza kumsifu mkulima kwa samadi yake wakati miti yake ilikuwa tu kwenye zamu ya kuzaa. Ukiweza, pata misimu miwili.

Ukishajua nukta ni nini, aina ya grafu inajichagua yenyewe. Nukta ni mtu au shamba, na vigeu vyote viwili ni namba: tumia grafu ya nukta, usiziunganishe. Nukta ni mwezi au mwaka wa kitu kile kile, mfano mvua ya Moshi kutoka Januari hadi Desemba: unganisha kwa mstari, na masika itajionyesha yenyewe kama kilima, Machi hadi Mei. Upande mmoja ni makundi, mfano Machame, Kibosho na Uru: tumia mihimili. Usiunganishe makundi kwa mstari. Katikati ya Kibosho na Uru kuna makorongo na migomba, hakuna "nusu Kibosho" ambako mstari wako unaweza kupita. Grafu ya duara inagawa kitu kizima vipande na haionyeshi uhusiano wa vigeu viwili, hata ukiipaka rangi saba. Mskoti William Playfair ndiye aliyezitoa grafu za mstari na za mihimili katika kitabu chake cha 1786, na ya duara ikafuata 1801, lakini ukiangalia ripoti zinazopita mezani kwangu utadhani ya duara ilitangulia.

Mihimili ina sharti moja lisilo na mjadala: ianzie sifuri, kwa sababu jicho linapima urefu wa mhimili mzima. Chukua milima yetu miwili. Kilimanjaro ni mita 5,895 na Meru ni 4,566. Anzisha mihimili kwenye 4,000, na Kilimanjaro itaonekana ndefu zaidi ya mara tatu ya Meru, wakati ukweli haifiki hata mara moja na nusu. Watu wa Arusha watakasirika, na watakuwa na haki. Grafu ya nukta haina sharti hilo, maana pale jicho linatazama mahali nukta ilipo. Ukipima joto la mwili la wagonjwa, kuanzia nyuzi 0 ni kupoteza karatasi.

Sasa Excel, kwa sababu ndiyo inayotutesa. Mtego wa kwanza: grafu yake ya mstari inapanga vitu vya chini kwa nafasi sawa, kama majina tu. Ukiiwekea miaka 2010, 2011, 2015 na 2023, itaachanisha yote kwa hatua moja, na ongezeko la miaka minane litaonekana kama la mwaka mmoja. Chagua ile ya nukta, ambayo inasoma chini kama namba kweli, na ukitaka mstari utaiambia iunganishe nukta hizo. Mtego wa pili ni kuandika "45 kg" ndani ya kisanduku. Wewe unaona namba, Excel inaona maneno. Yakiwa upande wa kusimama, itayachora kama sifuri. Yakiwa upande wa chini, itayatupa na kuweka 1, 2, 3 na kuendelea. Nimeona ripoti imeshabaindiwa, mstari wa chini umeandikwa "Samadi (kg)" na namba zinakwenda 1 hadi 38 bila kuruka. Ilikuwa ni foleni ya wakulima, wala si samadi. Kipimo kiandike juu ya safu, mara moja, na ndani ya visanduku ziwe namba tupu.

Jambo la uzito zaidi ni nukta ambazo hukuzileta. Usiku wa kuamkia Januari 28, 1986, kule Marekani, wahandisi walikuwa wanabishana kama chombo cha anga Challenger kirushwe kwenye baridi. Hofu yao ilikuwa oringi, mipira ya kuzibia maungio ya roketi, jamaa wa ile ambayo fundi bomba anabadilisha kwako. Walitazama safari zilizopita ambazo mipira ilipata dosari, wakaona dosari zimetokea kwenye joto na kwenye baridi, hivyo uhusiano haukuonekana. Tume iliyochunguza baadaye iliziongeza na safari zilizokwenda salama. Picha ikabadilika: safari 4 zilizoruka mipira ikiwa na baridi chini ya nyuzi 18 za Selsiasi zote zilikuwa na dosari, na kati ya 20 zilizoruka juu ya hapo ni 3 tu. Asubuhi ile joto lilikuwa karibu nyuzi 2. Chombo kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 wakafa.

Huku kwetu kosa hilo linakuja kwa sura nyingine. Mwanafunzi anataka kujua kama chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, inashambulia zaidi kahawa ya juu mlimani kuliko ya chini. Mwenyeji wake anampeleka kwenye mashamba yenye ugonjwa, kwa sababu ndiyo "yenye kitu cha kuona." Anarudi na nukta ambazo zote zina chulebuni, na hapo hakuna grafu itakayomjibu. Kabla hujatoka, panga kutembelea na mashamba yasiyo na ugonjwa, na uyaandike kwa uangalifu ule ule.

Grafu ikishachoreka, usirukie kusema hiki kimesababisha kile. Kijana wa mlimani niliyemtaja alipima joto njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro: getini, kambi ya Mandara penye mita kama 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700, hadi kileleni Uhuru. Grafu yake ya nukta ilishuka kwa kasi kuliko inavyotarajiwa, maana kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Alidhani kipimajoto kibovu. Nikamwomba saa za vipimo. Getini alipima mchana, Uhuru alifika alfajiri kama wapandaji wengi. Grafu ilikuwa imechanganya urefu wa mlima na usiku. Dawa yake ilikuwa safu moja tu ya ziada kwenye daftari, safu ya saa, ambayo mlimani haina gharama na mezani kwangu haipatikani tena.

Wengine huniletea namba ya uhusiano, ile ya r inayopima nukta zinavyoufuata mstari, wakidhani inatosha bila picha. Mwaka 1973 mtakwimu Frank Anscombe alitengeneza mafungu manne ya namba, yote r yake ni 0.816 hivi, wastani ule ule, mstari ule ule. Ukiyachora, moja ni wingu la kawaida, moja limepinda kama upinde, moja limenyooka isipokuwa nukta moja iliyotoroka, na la nne lote limesimama wima, isipokuwa nukta moja ya mbali inayolifanya lionekane na uhusiano. Chora kwanza, ndipo uniletee r.

Mistari miwili yenye vipimio viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, iache. Ukivuta kipimio kimoja unaweza kufanya bei ya ndizi na mvua zicheze pamoja upendavyo.

Mwisho ni mambo ya mezani kwangu. Ripoti nyingi zinaprintiwa nyeusi na nyeupe kwa sababu ya bei, na nyekundu na kijani zote hutoka kijivu kile kile. Tofautisha makundi kwa maumbo, duara na pembetatu, au mstari mzima na wa vipande. Chini ya grafu andika nukta ni nini, ziko ngapi, na zilipimwa lini. Na tafadhali njoo na faili lenye namba zenyewe. Picha ya grafu iliyopita WhatsApp mara tatu siwezi kuirekebisha, hata unisimamie kichwani mpaka jioni.