Kompyuta pepe ikigoma kuwaka kwa mtandao: kagua kwanza jozi ya veth

Skrini imekwama kwenye PXE-E51 (kosa la kuwaka kwa mtandao: hakuna jibu la DHCP, huduma inayogawa anwani), au mstari wa DHCP wa iPXE, programu ya kuwashia mashine kwa mtandao, unazidi kuongeza nukta hadi muda unaisha. Seva inafanya kazi, faili ziko mahali pake. Kama kati ya seva na mashine kuna jozi ya veth, iache faili ya usanidi kwanza. Ikaguliwe jozi.

veth ni violesura viwili vilivyoungana kama ncha mbili za waya mmoja: kinachoingia huku hutokea kule papo hapo. Tutumie mpangilio huu: dnsmasq (seva ya DHCP na TFTP) iko ndani ya eneo la mtandao lililotengwa (network namespace), jina lake `boot`, ncha ya `veth-s` iko humo ndani, ncha ya `veth-h` iko nje, imechomekwa kwenye daraja `br0` (swichi ya programu ndani ya Linux), na kwenye daraja hilohilo kuna `tap0`, kiolesura cha kompyuta pepe.

```
ip netns add boot
ip link add veth-h type veth peer name veth-s
ip link set veth-s netns boot
ip link set veth-h master br0
ip link set veth-h up
ip netns exec boot ip addr add 192.168.50.1/24 dev veth-s
ip netns exec boot ip link set veth-s up
```

Mfuatano huu una maana yake. Kiolesura kikihamishiwa eneo jingine huzimika na kupoteza anwani zake zote, kwa hiyo anwani uliyoiweka kabla ya kuhamisha haipo tena. Ncha moja ikiwa imezimwa, nyingine nayo haina mawimbi hata kama umeiwasha. `ip link show veth-h` itakuonyesha NO-CARRIER, na dawa yake iko upande wa pili, si hapo unapotazama. Tena usiipe `veth-h` anwani yoyote: iliyochomekwa kwenye daraja hubeba pakiti tu, anwani ya upande huo hukaa kwenye `br0`.

Tafuta pakiti inapofia

Fungua madirisha matatu, sikiliza sehemu tatu kwa wakati mmoja, kisha washa mashine:

```
tcpdump -envv -i tap0 'udp port 67 or udp port 68'
tcpdump -envv -i veth-h 'udp port 67 or udp port 68'
ip netns exec boot tcpdump -envv -i veth-s 'udp port 67 or udp port 68'
```

Ombi likionekana `tap0` lakini lisifike `veth-h`, daraja au ukuta-moto umelizuia. Likionekana `veth-h` na si `veth-s`, hizo si ncha za jozi moja. Hili hutokea sana mtu akiwa na jozi nyingi zenye majina yanayofanana. Linganisha namba baada ya alama ya @ katika `ip link` na namba ya kiolesura cha upande wa pili. Likifika `veth-s` bila jibu kutoka, soma logi ya dnsmasq. Ukikuta "no address range available for DHCP request via veth-s", anwani ya ncha hiyo haimo katika mtandao wa `dhcp-range`. Ukikuta "which has no address", ile anwani ilipotea wakati wa kuhamisha.

Limebaki jambo gumu kuliko yote: jibu linaonekana kwenye vituo vyote vitatu, na mteja bado anarudia kuomba kana kwamba hakusikia kitu.

Cheksamu isiyojazwa

Pakiti ya UDP kwa kawaida hubeba namba ya kuhakiki kwamba haikuharibika njiani, yaani cheksamu. Linux huepuka kuikokotoa ikiwa kiolesura kimetangaza kwamba kitaikokotoa chenyewe. Kadi halisi hufanya hivyo kweli. veth nayo hutangaza hivyo, ila haina chipu. Humpa mwenzake pakiti ikiwa na alama tu kwamba cheksamu haijakamilika. Ndani ya kerneli ileile hakuna madhara, maana anayepokea anaiona alama. Pakiti ikitokea kwenye kadi halisi, kadi huijazia. Madhara huja pale pakiti inapochotwa na programu inayosoma moja kwa moja kwenye kiolesura bila kujali alama: kiigizaji cha maabara ya mtandao, swichi inayofanya kazi nje ya kerneli, au mteja wa DHCP wa zamani. Huyo anakokotoa, anaona namba hazilingani, anaitupa pakiti kimya.

Ndiyo maana mara nyingine PXE inapita vizuri, kerneli inapakuliwa, halafu hatua ya initramfs (mfumo mdogo wa muda unaotangulia mfumo kamili) ndiyo inakosa anwani. Programu dhibiti (firmware) haikuomba nafuu ya cheksamu, yaani kupokea pakiti zisizojazwa, hivyo kerneli ya mwenyeji iliijaza. Kiendeshi cha virtio (kadi ya mtandao ya kompyuta pepe) kilipochukua nafasi kikaiomba, na mteja wa DHCP aliye juu yake hakujua.

Kwenye tcpdump utaona hivi:

```
192.168.50.1.67 > 192.168.50.101.68: [bad udp cksum 0xe6fc -> 0x3a0c!]
```

Usihukumu kwa mstari mmoja, kwa sababu kwenye `veth-s` yenyewe hali hii ni ya kawaida: hapo bado haijajazwa. Tazama majibu kadhaa ya `tap0`. Ikiwa namba ya kushoto ni ileile kila mara huku ya kulia ikibadilika, umempata mkosaji. Ya kushoto imetokana na anwani, namba ya itifaki na urefu wa pakiti pekee, vilivyomo ndani havijajumlishwa.

Tiba huwekwa upande unaotuma jibu:

```
ip netns exec boot ethtool -K veth-s tx off
```

Kuizima kwenye `veth-h` hakusaidii jibu hili hata kidogo. Kama huruhusiwi kugusa kiolesura, tumia kanuni hii ya iptables, ukuta-moto wa Linux, ndani ya eneo lilelile:

```
ip netns exec boot iptables -t mangle -A POSTROUTING -p udp --dport 68 -j CHECKSUM --checksum-fill
```

Daraja

Penye Docker (programu ya kuendesha kontena), angalia `sysctl net.bridge.bridge-nf-call-iptables`. Ikiwa ni 1, pakiti zinazovuka daraja hupitishwa kwenye iptables, na Docker mara nyingi huweka sera ya FORWARD kuwa DROP. Ruhusu za daraja:

```
iptables -I FORWARD -m physdev --physdev-is-bridged -j ACCEPT
```

STP (itifaki inayozuia mizunguko kwenye daraja) ikiwa imewashwa, mlango mpya husubiri sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza kabla ya kupitisha chochote, na iPXE inaweza kukata tamaa kabla ya hapo. Kwa daraja la maabara izime: `ip link set br0 type bridge stp_state 0`. Lakini hakikisha kwanza hukuchomeka ncha zote mbili za jozi kwenye daraja moja, maana bila STP huo ni mzunguko usioisha.

Anwani imepatikana, faili haiji

PXE-E53 ni jina la faili kukosekana kwenye jibu la DHCP, veth haihusiki. PXE-E32 (TFTP imekaa kimya hadi muda ukaisha) inahusu njia ya pakiti. Seva ya TFTP, inayotoa faili za kuwashia, hupokea ombi kwenye poti 69 lakini hutuma data kutoka poti nyingine, kwa hiyo ukuta-moto ulioruhusu 69 peke yake hukata njia. `--tftp-single-port` ya dnsmasq hulimaliza.

Faili ikianza kushuka kisha ikaganda, pima MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya kila kipande cha njia. Bloku ya TFTP ya baiti 1468, ukiongeza 4 za TFTP, 8 za UDP na 20 za IP, ni 1500 kamili. Ikipita kwenye VXLAN (handaki la mtandao) yenye MTU ya 1450 haitoshi, na programu dhibiti nyingi hazijui kuunga vipande. Weka `--tftp-mtu=1450`, bloku itashuka hadi 1418.

Amri ya ethtool haidumu. Ukifuta eneo la `boot`, ncha iliyomo hufutika pamoja na mwenzake wa nje, na jozi mpya huzaliwa ikiwa na cheksamu ileile isiyojazwa. Iweke kwenye hati inayounda jozi, mara baada ya kuwasha `veth-s` na kabla ya kuanzisha dnsmasq.