Mtihani wa ufahamu wenye saa: lini uandike dondoo, lini uweke kalamu chini

Mwanafunzi akiniletea karatasi ya rafu iliyojaa maandishi pande zote mbili, najua kabla sijauliza kwamba hakumaliza maswali. Najua kwa sababu nami nilikuwa hivyo. Katika mtihani wangu wa kwanza wa aina hii nilidondoa kila kitu: majina, miaka, mifano, hadi vivumishi. Muda ulipokwisha nilikuwa na muhtasari safi kabisa wa vifungu viwili, na cha tatu sikuwa nimekigusa. Rafu haisahihishwi na mtu.

Siku hizi nikiulizwa "niandike au nisiandike?" napita na mwanafunzi hatua hizi.

Hatua ya 1: Hesabu maswali kwa kila kifungu

Dondoo unazilipia mara moja, wakati wa kusoma. Faida unaipata baadaye, kila swali linapokurudisha kwenye kifungu. Maswali sita yakitegemea kifungu kimoja, ulicholipa kinarudi. Likiwa moja tu, umekula hasara.

Chukua SAT ya kompyuta, mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani. Moduli moja ya kusoma na kuandika ina maswali 27 kwa dakika 32, na kila swali lina matini yake fupi, maneno 25 hadi 150. Hizo ni kama sekunde 71 kwa swali, kusoma kukiwemo. Hapo usiandike chochote.

LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria, ni habari nyingine. Sehemu ya ufahamu ina seti nne (kifungu na maswali yake) kwa dakika 35, yaani dakika 8 na sekunde 45 kwa kila seti, na kila seti ina maswali kadhaa. Sehemu ya ufahamu ya MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, ina vifungu 9 na maswali 53 kwa dakika 90. Kwenye mitihani hii miwili andika, ila kidogo.

IELTS ya Academic, mtihani wa lugha ya Kiingereza, huwachanganya wengi: maswali 40, vifungu vitatu, dakika 60, na kwenye usomaji huongezewi muda wa kuhamishia majibu. Maswali yake mengi yanatafuta taarifa mahususi, na aina nyingi hufuata mtiririko wa kifungu. Kwa hiyo pigia mstari majina na maneno ya msingi, kisha windia majibu humo humo. Isipokuwa pale unapotakiwa kuoanisha aya na vichwa vyake. Hapo maneno matatu pembeni ya kila aya yanakaribia kuwa jibu lenyewe.

Hatua ya 2: Soma aya, simama, ndipo uandike

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Usiandike huku unasoma. Jicho likiruka kutoka kwenye kifungu kwenda kwenye rafu na kurudi, kila mara unatafuta upya ulipoishia, na sentensi ndefu inakukatikia katikati.

Maliza aya nzima. Inua macho. Jiulize: aya hii imefanya kazi gani? Si "imesema nini", maana swali hilo litakufanya uinakili. Imeleta nadharia? Imeipinga? Imetoa mfano? Imekubali upungufu? Kisha andika maneno yasiyozidi matano au sita.

Nikiri jambo moja: nusu ya faida iko kwenye kule kusimama, wala si kwenye wino. Nimewafundisha watu walioacha kuandika kabisa lakini wakaendelea kutua mwisho wa kila aya, na alama zao hazikushuka. Walioacha vyote viwili walirudi kusoma kifungu mara mbili.

Hatua ya 3: Tuone kwa mfano

Tuseme kifungu kina aya tatu. Ya kwanza inaeleza kwamba mwaka 1912 Alfred Wegener alitoa hoja kuwa mabara yaliwahi kuungana na yanasogea, akitaja visukuku vinavyofanana vilivyokutwa pande mbili za bahari. Ya pili inasema wanajiolojia wengi waliikataa kwa sababu hakuweza kuonyesha nguvu ya kuyasukuma mabara. Ya tatu inaonyesha jinsi ushahidi kutoka sakafu ya bahari, hasa miaka ya 1960, ulivyowageuza wengi.

Dondoo za anayepoteza muda: "Mwaka 1912 Alfred Wegener alisema mabara yaliungana na visukuku vinafanana pande mbili za bahari..." Huyo bado yuko aya ya kwanza.

Dondoo zangu (LKN ni "lakini", + ni kukubali, − ni kupinga):

1: W: mabara husogea (visukuku)
2: LKN wengi −: nguvu ipi?
3: sakafu ya bahari → W +

Swali likiuliza kwa nini hoja ilikataliwa, naenda moja kwa moja aya ya 2 na kusoma maneno yenyewe. Sijibu kutoka kwenye rafu. Dondoo inanionyesha mlango tu. Majibu ya mtego hutungwa kwa maneno yanayofanana na kumbukumbu yako huku yakitofautiana na kifungu kwa neno moja, kama "wote" badala ya "wengi".

Hatua ya 4: Chuja

Miaka, takwimu na majina marefu yaache. Tarakimu na herufi kubwa zinajitokeza zenyewe ukipitisha jicho. Kinachostahili wino ni kile kisichoonekana kwa jicho: mahali hoja inapogeuka (lakini, hata hivyo, licha ya), maoni ni ya nani, na mwandishi mwenyewe anasimama wapi. Alama ya + au − inatosha kwa msimamo.

Vifungu viwili vikiwekwa pamoja ili vilinganishwe, kama seti mojawapo ya LSAT, hapo hata mbishi namlazimisha aandike: mwandishi A anadai nini, mwandishi B anadai nini, wanakutana wapi. Kichwa kikichoka, watu hao wawili huanza kuazimana maoni.

Hatua ya 5: Jipime mwenyewe

Fanya vifungu vinne vya kiwango kimoja, viwili kwa dondoo, viwili bila. Rudia kwa wiki mbili, ukibadilisha unachoanza nacho. Kila mara rekodi dakika za kusoma, dakika za kujibu, majibu sahihi, na mara ngapi ulizitazama dondoo zako. Hiyo ya mwisho watu huisahau, na ndiyo yenye kufichua. Usipozitazama hata mara moja, ulikuwa unazoeza mkono tu.

Fanya mazoezi kwa vifaa vya siku yenyewe. Ikiwa mtihani ni wa skrini, usijizoeze kupigia mstari kwenye karatasi iliyochapishwa.

Hatua ya 6: Saa ikikubana

Zikibaki dakika tano na kifungu kizima hakijaguswa, dondoo ndizo za kwanza kuacha. Soma aya ya kwanza yote, kisha sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila aya inayofuata. Anza na maswali yanayotaja mstari au jina, hayo yana pa kushikia. Swali la wazo kuu lifuate. Yaliyobaki kisia, mradi mtihani wako haukati alama kwa jibu lisilo sahihi.