Kupata spea ndogo za Datsun 240Z zisizotengenezwa tena, ukiwa Unguja

Gari ya michezo ya zamani ikilala gereji miezi, aghalabu sababu si injini. L24 ya 240Z, silinda sita, cc 2393, ni injini ngumu, na vipande vyake vikubwa bado vinapatikana kwa mwenye subira. Kinachoilaza gari ni bushi ya gia, klipu ya mlango, raba ya wili silinda ya breki, springi ya kabureta: vitu vidogo ambavyo Nissan, wenye chapa ya Datsun, waliacha kuvitengeneza zamani. Gari hii ilitoka mwaka 1969, ikashinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Ina haki ya kuendelea kutembea katika barabara zetu, na inasikitisha kuiona inaoza kwa kukosa kitu cha ukubwa wa ukucha.

Wengi hukwama mapema. Mtu anaingia duka la spea Mwanakwerekwe, anauliza, "Una bushi ya gia ya Zedi?" yaani ya 240Z. Muuzaji anajibu hana, na anasema kweli. Lakini huenda rafu iliyo nyuma yake ina kitu hicho hicho, kimeandikwa jina la gari nyengine, au la pampu ya maji, au la mashine ya kufulia. Spea ndogo ni nadra kutengenezwa kwa ajili ya gari moja tu. Kwa hiyo usitafute spea ya gari. Tafuta kitu chenyewe, kwa namba yake, kipimo chake na mali iliyotengenezewa.

Hatua ya 1: Ijue gari yako kwa namba ya chesisi

Fungua boneti utizame ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari. Namba imegongwa hapo. Ikianza na HS30, gari ni ya usukani wa kulia yenye L24. HLS30 ni usukani wa kushoto, na nyingi za namna hiyo zilikwenda Marekani. S30 tupu ni ya soko la Japani, na injini yake ni ya lita 2. Tofauti hii ina maana kubwa: pistoni za L24 ni milimita 83, za ile ya lita 2 ni milimita 78. Mtu akikuuzia ringi za pistoni "za Zedi" bila kuuliza ni Zedi ipi, mshukuru uondoke.

Tizama na kabureta. Zote ni Hitachi za mtindo wa SU, kabureta za Kiingereza, ila za mwanzo vichwa vyake ni vya mviringo, na zile zilizofungwa kwenye gari za Marekani za mwaka 1973 ni bapa. Vitu vya ndani haviingiliani. Piga picha kabla hujaagiza hata gasketi moja.

Hatua ya 2: Toa kitu kibovu bila kukimaliza

Kipande kilichovunjika ndiyo ramani yako pekee. Kisitupwe mpaka kipya kimefungwa na gari imetembea. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na skrubu za chuma zilizokaa ndani ya aluminiamu hushikana kama zimechomelewa. Tia mafuta ya kulegeza kutu usiku, zifungue asubuhi. Na tumia bisibisi ya msalaba ya kipimo cha Kijapani, yaani JIS. Bisibisi ya kawaida ya msalaba huingia lakini haikai mpaka chini. Ukiikaza huruka na kula kichwa cha skrubu, hapo umejiongezea spea nyengine ya kutafuta.

Kila kitu kiingie mfuko wake, na karatasi: kimetoka wapi, upande gani, kilitizama wapi. Kabla ya kukitoa piga picha kikiwa mahali pake, na nyengine kikiwa kando ya rula.

Hatua ya 3: Tafuta namba ya Nissan

Namba za Nissan zina tarakimu tano, kistari, kisha tarakimu au herufi tano. Tano za mwanzo hutaja aina ya kitu, na kwa kawaida hazibadiliki kutoka gari moja ya Nissan hadi nyengine: 15208 ni chujio la oili, 16546 ni chujio la hewa, 21010 ni pampu ya maji, 21200 ni termostati, 11044 ni gasketi ya silinda hedi. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni ya umbo gani na ilianzia gari ipi. Ukilijua hilo, hata tangazo lisilokuwa na picha wala maelezo ya maana utaweza kulisoma.

Namba huzipata kwenye vitabu vya spea vya zamani, ambavyo wapenzi wa gari hizi wamevipiga skani na kuviweka mtandaoni. Andika namba yako pamoja na zote zilizoibadilisha baadaye, kwa sababu kitu kinaweza kuwa kimekwisha kwa namba ya zamani na kipo kwa namba mpya. Ukitafuta, andika mara moja na kistari na mara moja bila kistari. Muuzaji wa Japani asiyejua neno la Kiswahili wala la Kiingereza ataielewa namba.

Hatua ya 4: Pima mwenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Nunua kalipa ya vanieri nzuri. Ya bei ndogo inatosha mradi midomo yake ikifungwa haipitishi mwanga.

Oili sili, yaani raba inayozuia oili isivuje kando ya shafti: ifute uso kwa kitambaa, itizame kwa tochi ya simu iliyolazwa ubavuni. Utaona namba tatu, mathalani 35 50 8. Shafti ni milimita 35, tundu ni 50, unene ni 8. Herufi TC kando yake maana yake imefunikwa mpira kwa nje, ina springi, na ina mdomo wa pili wa kuzuia vumbi. Sili yoyote yenye namba hizo na mpira unaofaa itaingia, iwe imetolewa kwenye trekta au jenereta. Angalia jambo moja: nyengine zina mistari midogo ya mshazari na mshale ndani ya mdomo. Hizo ni za kuzungukia upande mmoja tu, na ukiifunga ya upande wa pili itavuta oili nje badala ya kuirudisha.

Beringi ni rahisi zaidi, kwa sababu namba zake ni za dunia nzima. 6203 ni shafti ya milimita 17, nje 40, unene 12, awe ameitengeneza nani. 6204 ni 20, 47 na 14. Kuanzia 04 zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa tano upate shafti. ZZ ni kifuniko cha bati pande zote mbili, 2RS ni cha mpira. Kwa vumbi na chumvi yetu mimi huchukua 2RS isipokuwa mahali penye joto kali. Hiyo 6203 inatumika sana kwenye mota za umeme na mashine za kufulia, kwa hiyo muulize fundi wa mota kabla hujaagiza Japani.

Bolti zinahadaa. Ya M6 na ya M8 (namba ni unene wa bolti kwa milimita) utakayoikuta duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida itaingia. Ya M10 ndiyo yenye mtego. Gari za Kijapani hutumia sana M10 ya hatua 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka jino moja la uzi hadi jengine, na ya dukani huwa ni 1.5. Inaanza vizuri, mizunguko miwili, kisha inakaza, na mwenye haraka huongeza nguvu. Dawa yake ni hii: weka kalipa juu ya uzi wa bolti, hesabu hatua kumi. Ukipata milimita 12.5 ni hatua 1.25; ukipata 15 ni 1.5. Na nati mpya lazima izunguke kwa vidole mpaka mwisho kabla ya spana kuguswa.

Oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, pima tundu la ndani na unene wa mpira wenyewe. Lakini oringi ya zamani imeshabonyea, kwa hiyo pima pia mfereji inamokaa, huo haudanganyi.

Hatua ya 5: Wajue ndugu wa gari yako

L24 imezaliwa pamoja na L16 ya silinda nne, iliyokuwemo kwenye Datsun 1600. Zote mbili ni pistoni ya milimita 83. Nissan Patrol ya miaka ya 1980 yenye injini ya petroli ya L28 nayo ni ukoo huo huo. Ndiyo maana sili za valvu, roka na vitu vidogo vya hedi hupatikana kwenye gari ambazo hazifanani na 240Z hata kidogo. Linganisha namba na kipimo kwanza, halafu nunua.

Anza karibu. Wazee wenye maduka ya spea hapa mjini wana maboksi ambayo hayajafunguliwa tangu enzi za pikapu za Datsun. Usiingie na simu mkononi ukitaka bei. Salimia, kaa, mtolee kile kipande: "Shikamoo mzee. Sitafuti cha gari fulani, natafuta kinachofanana na hichi." Mpe kalipa apime mwenyewe. Mzee anayekijua kitu kwa mkono atakikumbuka rafu yake haraka kuliko kompyuta.

Kisha vuka. Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, tuma mtu na kipande chenyewe, si picha peke yake. Wenye jamaa Maskati au Dubai mna bahati, kwa sababu Patrol za zamani zilijaa Ghuba, na kwenye maeneo ya spea za mtumba ya Sharjah zimefunguliwa nyingi. Huko usukani ni wa kushoto, lakini injini haijali usukani uko wapi.

Hatua ya 6: Kuagiza mbali

Marekani ndiko 240Z nyingi zilikokwenda, na ndiko kuliko na watengenezaji wengi wa spea mpya za kuigiza. Mpira, klipu, bushi za miguu na vitu vya injini viagize bila wasiwasi mkubwa. Jihadhari na kila kinachofuata usukani: mitambo ya waipa, dashibodi, pedali, nyaya zinazotoka kwa dereva, hata taa za mbele, ambazo mwanga wake umeelekezwa upande mwengine wa barabara. Hivyo vitafute Japani, Australia au Uingereza, ambako wanaendesha kushoto kama sisi.

Muombe muuzaji picha ya kitu kikiwa ndani ya midomo ya kalipa, namba zikisomeka. Anayekataa, mwache. Na usivutwe na raba "mpya ya zamani" kwa sababu boksi lake lina nembo ya Nissan. Raba huzeeka hata ndani ya boksi. Ya breki iliyokaa miaka arubaini ni ya kuweka kabatini, si ya kufunga. Chuma, plastiki ngumu na gasketi za shaba, sawa.

Hatua ya 7: Kutengenezesha

Kitu kikikosekana kabisa, nenda kwa fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma. Bushi ya chini ya mti wa gia ni mfano mzuri. Ya asili ni ya plastiki, ikisagika mti unacheza na gia ya pili unaitafuta kama mgeni. Usipeleke bushi iliyosagika peke yake, maana kipimo chake kimeshapotea. Peleka mti wa gia, pini yake na mahali inapokaa, fundi apime chuma kwa chuma. Ikerezwe kwa nailoni ngumu. Ya shaba itadumu zaidi, ila italeta mngurumo wa giaboksi mpaka kiganjani.

Breki na usukani usivichezee. Raba ya breki haikatwi kwenye tairi wala haikerezwi. Tizama ubavuni mwa wili silinda, mara nyingi kipimo kimeandikwa kwa inchi, kama 7/8, na raba za kipimo hicho bado zinatengenezwa kwa gari nyengine. Silinda ikiwa imekula kutu ndani, mpe fundi anayejua kuitia bomba jipya na kuirudisha kipimo cha asili, raba za kawaida ziingie.

Mwisho ni mali ya mpira wenyewe, na hili naliona likipuuzwa kila siku. Mpira wa petroli na oili ni naitrili. Mpira wa breki na wa maji ya radieta kwa kawaida ni wa aina nyengine, EPDM. Ukibadilisha, kila mmoja huvimba kwenye maji ya mwenzake. Ndiyo maana kuosha vitu vya breki kwa petroli, kama tulivyozoea gereji nyingi, ni hatari. Osha kwa spiriti ya alkoholi au kwa mafuta ya breki yenyewe. Na oringi uliyonunua bila jina, ipime kwa kalipa, itumbukize usiku kucha kwenye kile kile itakachokutana nacho garini, petroli au mafuta ya breki, uipime tena asubuhi. Ikiwa imenenepa au imelainika, usiifunge.