Minyoo duara wa majini: somo la kutoka kwenye tope hadi kwenye jina

Kila msimu wa miradi ya wanafunzi unapofika, swali ni lilelile: mtu ananitumia picha iliyopigwa kwa simu kupitia hadubini, ndani yake kuna uzi mwembamba uliojikunja kwenye tone la maji, na chini yake ameandika, "Mwalimu, huyu ni mnyoo gani?" Picha ya namna hiyo haijibiki, kwa sababu mambo yanayomtofautisha mnyoo mmoja na mwingine yana ukubwa wa mikromita chache, na huonekana vizuri kwa mnyoo aliyeuawa ipasavyo, akahamishiwa kwenye gliserini na kulazwa sawasawa kwenye slaidi. Naandika hatua zote hapa mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze kwenye somo hili.

Ninaowazungumzia ni minyoo duara wanaoishi huru, yaani wasiokaa ndani ya mwili wa binadamu, wa mifugo wala mizizi ya mimea. Wamo kwenye tope la Mto Karanga na Mto Themi, kwenye kingo za Ziwa Duluti, kwenye mifereji ya mpunga ya Mabogini, na vilevile kwenye mchanga wa mwambao wa Tanga na Zanzibar. Wengine hula bakteria, wengine mwani, wengine hula minyoo wenzao. Spishi zilizokwisha kupewa majina duniani, ukijumlisha na zile za vimelea, ni zaidi ya 25,000, nazo ni sehemu ndogo tu ya waliopo. Funguo nyingi za kuwatambua wale wa maji baridi, yaani miongozo ya hatua kwa hatua inayokufikisha kwenye jina, zilijengwa juu ya spishi za Ulaya. Kwa hiyo mtu wa Arusha au Moshi anayelazimisha jina la spishi kutoka kwenye funguo hizo anaweza kuificha spishi mpya chini ya jina la zamani. Msimamo wangu ni kwamba jina la jenasi lililothibitishwa lina thamani kubwa kuliko jina la spishi lililokisiwa.

Hatua ya 1: Kibali. Maji yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha au ya Kilimanjaro hayachotwi bila idhini ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa.

Hatua ya 2: Kuchota. Kata ncha ya sirinji ya mililita 50, isukume wima kwenye tope hadi sentimita 5, kisha itoe. Minyoo wengi wako kwenye sentimita chache za juu. Andika mahali na tarehe kwa penseli kwenye kikaratasi kinachoingia ndani ya chupa, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli.

Hatua ya 3: Kuchekecha. Pitisha tope kwenye chekeche ya milimita 1, halafu kwenye chekeche ya mikromita 32, au ya 20 kama unawataka na wachanga.

Hatua ya 4: Kuwatenganisha na tope. Faneli ya Baermann, ambayo tope hulazwa kwenye kitambaa kinachogusa maji na minyoo hupenya na kuzama chini, iliyobuniwa na daktari Gustav Baermann kule Java mwaka 1917 alipokuwa akitafuta viluwiluwi vya minyoo ya safura kwenye udongo, inafaa kwa minyoo hai na wepesi tu. Wavivu hubaki juu ya kitambaa, na hesabu yako itakuwa ya upande mmoja. Anayetaka wote atumie mbinu ya kuwafanya waelee kwenye kimiminika chenye uzito wa 1.18 ukilinganisha na maji. Ludox, yaani kimiminika chenye chembe ndogo sana za silika, ndiyo bora kwa kuwa hainyonyi maji mwilini mwao, ila huganda ikikutana na chumvi, hivyo tope la baharini au la maziwa ya magadi lioshwe kwanza kwa maji baridi mpaka chumvi iishe. Asiye na Ludox atumie sukari ya dukani: gramu 484, halafu maji yaongezwe mpaka mchanganyiko ufike lita moja. Sukari huwafyonza maji, kwa hiyo wakishaelea baada ya kuzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha kwa mzunguko (sentrifyuji), wamwage kwenye chekeche na uwasuuze ndani ya dakika chache.

Hatua ya 5: Kuua na kuhifadhi. Wakusanye kwenye maji kidogo, kisha wamwagie kwa mkupuo fomalini ya asilimia 4 iliyopashwa hadi nyuzi 65 au 70. Wengi hufa wakiwa wamenyooka au wamepinda kidogo, na mnyoo wa hivyo hupimika. Asilimia 4 hapa ni ya formaldehaidi: sehemu moja ya fomalini ya chupani kwa sehemu tisa za maji. Vaa glavu na ufanyie kazi mahali penye hewa. Kama unakusudia kusoma DNA, sehemu ya sampuli iende kwenye DESS, yaani mchanganyiko wa DMSO, EDTA na chumvi unaohifadhi DNA, kwa sababu fomalini huiharibu DNA.

Hatua ya 6: Kuhamishia kwenye gliserini. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo pasomwe taratibu. Mnyoo aliyetoka kwenye fomalini amejaa maji. Ukimtia kwenye gliserini moja kwa moja, maji yanamtoka haraka kuliko gliserini inavyoweza kuingia, ngozi inabonyea ndani, mwili unakuwa bapa wenye mikunjo, na mnyoo huyo hafai tena kupimwa. Utaratibu ninaoufuata ni ule wa Seinhorst wa mwaka 1959, kama ulivyorekebishwa na De Grisse mwaka 1969. Minyoo huwekwa kwenye kisahani cha kioo chenye sehemu 99 za fomalini ya asilimia 4 na sehemu 1 ya gliserini. Kisahani huingizwa kwenye chombo kinachofunga vizuri, ambacho chini yake kuna ethanoli ya asilimia 96, na vyote hukaa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 40 usiku kucha, ili ethanoli ichukue nafasi ya maji polepole. Asubuhi kisahani hutolewa, hufunikwa nusu, hurudishwa kwenye joto, na kila baada ya saa mbili huongezwa matone machache ya mchanganyiko wa sehemu 95 za ethanoli kwa 5 za gliserini. Jioni huongezwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kisha huachwa mpaka ethanoli yote ivukizwe na ibaki gliserini tupu.

Zingatia maonyo haya. Kabla ya kuongeza chochote, mwangalie mnyoo mmoja kwa hadubini ndogo. Ukiona ubavu wake umeanza kuingia ndani, funika kisahani zaidi na urefushe muda kati ya matone. Usiruhusu kisahani kikauke hata mara moja. Gliserini hunyonya unyevu wa hewa, hasa wakati wa masika, kwa hiyo chupa yake ikae imefungwa pamoja na vidonge vya kukaushia unyevu. Na mvuke wa ethanoli hushika moto: jiko la mkaa, jiko la gesi na kibatari visiwemo kabisa chumbani humo.

Hatua ya 7: Slaidi. Pasha moto ncha ya kipande cha bomba la shaba, ichovye kwenye nta ya parafini, igandamize kwenye kioo ibaki pete. Weka tone dogo la gliserini katikati, zamisha mnyoo mpaka chini, weka kando yake vipande vya nyuzi za kioo vyenye unene kama wake ili kioo cha juu kisimkandamize, funika, pasha kidogo nta iyeyuke. Tone likizidi, nta haitashika pembeni.

Hatua ya 8: Kutazama na kupima. Anza na mdomo, kwa lenzi ya mafuta ya mara 100. Mononchus ana mdomo mpana kama pipa, wenye kuta nene na jino moja kubwa upande wa mgongo. Huyo ni mwindaji. Ironus ana mrija mrefu wa mdomo wenye meno matatu mbele kabisa. Dorylaimus ana mkuki. Monhystera ana mdomo mdogo usio na makuu, nawe itakubidi utazame amfidi, yaani kile kiungo cha kunusia kilicho pande mbili za kichwa: kwake ni duara kamili. Kwa Achromadora amfidi hujiviringa, na ngozi ina vitone vilivyojipanga kwa mistari. Sogeza fokasi juu na chini taratibu, maana amfidi iko kwenye ngozi ya ubavuni na ukishazama katikati ya mwili utaipita. Kisha nenda mkiani, uone kama kuna tezi tatu na kitundu cha kutolea gundi, ambayo minyoo wengi wa majini huitumia kujishikiza. Jamii ya Dorylaimus hawana.

Vipimo ni vile vya Mholanzi J. G. de Man. Chukua jike mwenye urefu wa mikromita 1,200, upana 40, umio 240, mkia 150, na tundu la uzazi lililo mikromita 600 kutoka kichwani. Urefu kwa upana unapata a = 30; urefu kwa umio, b = 5; urefu kwa mkia, c = 8; na umbali wa tundu la uzazi kutoka kichwani kwa asilimia ya urefu, V = 50. Pima majike na madume kadhaa, kwa sababu mnyoo mmoja hawakilishi spishi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Sakina: Mwalimu, shikamoo. Nimekutumia picha tatu. Naomba jina tu, naandika ripoti leo.

Mwandishi: Marahaba. Picha zako hazionyeshi mdomo wala amfidi. Anza hatua ya 5.

Mwanachama wa Mabogini: Shikamoo mwalimu. Nimepata minyoo wawili kwenye tope la jaruba la mpunga, wote wana mkuki mdomoni. Mwenzangu anasema wote ni waharibifu wa mpunga, mimi naona mikuki yao haifanani. Nitajuaje?

Mwandishi: Marahaba, na umetazama vizuri. Angalia kitako cha mkuki. Ukiona vifundo vitatu vya mviringo, na umio una tufe la misuli katikati, huyo ni wa kundi la wanaonyonya mimea. Kwenye mpunga Hirschmanniella hupatikana sehemu nyingi za dunia, ni mrefu na mwembamba, na huingia mizizini. Ukiona mkuki hauna vifundo, ncha yake imekatwa mshazari, na umio ni mwembamba mbele kisha unapanuka nyuma bila tufe, huyo ni wa jamii ya Dorylaimus. Dorylaimus stagnalis, ambaye Dujardin alimpa jina mwaka 1845, ana matuta membamba yanayokwenda kwa urefu wa mwili, na huonekana hata kwa macho kwa kuwa huzidi milimita mbili. Osha pia mizizi ya mpunga uichunguze peke yake. Anayetoka ndani ya mzizi usimhesabu miongoni mwa wanaoishi huru.

Mwanachama wa Mabogini: Ahsante sana mwalimu. Mmoja ana vifundo kweli. Naenda kuosha mizizi.

Mwanachama wa Majengo: Hatua ya 6 ni ndefu mno. Nikiweka minyoo kwenye gliserini halafu nikaacha siku moja si yaleyale?

Mwandishi: Hapana. Sababu imeandikwa kwenye sentensi ya tatu ya hatua hiyo.

Mwanachama wa Majengo: Nilisoma haraka. Lakini maabara yetu haina oveni ya nyuzi 40, sasa tufanyeje?

Mwanachama wa Usa River: Dada, sisi tulitumia mashine ya kutotolea vifaranga. Inakaa kwenye nyuzi 37 na nusu hivi na haipandi ovyo.

Mwandishi: Joto hilo linafaa, na nashukuru kwa wazo. Ila kifaa kinachowasha na kuzima joto ndani ya mashine hizo kinaweza kutoa cheche, kwa hiyo ethanoli iliyo ndani iwe mililita chache tu, chombo cha usiku kiwe kimefunga barabara, na hatua ya kisahani kilichofunikwa nusu ifanyike nje ya mashine, juu ya kitu cha vuguvugu. Itachukua muda mrefu zaidi, na minyoo haitadhurika kwa hilo.

Mwanachama wa Njiro: Kwa nini kujisumbua na mdomo? Hesabu ya jumla inatosha kujua kama mto ni mchafu.

Mwandishi: Haitoshi. Maji taka yakiingia mtoni, minyoo wanaokula bakteria wanaweza kuongezeka sana, ukaona idadi kubwa ukadhani mto ni mzima. Mdomo ndio unaokuambia nani anakula nini: Wieser aliwagawa minyoo wa baharini mwaka 1953 katika makundi manne kwa midomo yao, na Bongers mwaka 1990 akazipa familia alama 1 hadi 5, kuanzia wanaozaliana haraka kwenye uchafu hadi wale wasiovumilia usumbufu. Alama hizo huhitaji familia, na familia huhitaji mdomo.

Mwanachama wa Shanty Town: Mwalimu, je, kwenye maziwa ya magadi kama Momella mnyoo duara anaweza kuishi kweli?

Mwandishi: Swali zuri sana. Ziwa Mono la California lina chumvi takriban mara tatu ya bahari, lina magadi na sumu ya arseniki, na mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba wamepata humo spishi nane za minyoo duara. Mmoja wao ni wa jenasi Auanema, mwenye jinsia tatu, ambaye anastahimili kiasi kikubwa mno cha arseniki. Kwa hiyo magadi peke yake si sababu ya kutotafuta. Ukipata kibali, chota ufukweni na katikati ya ziwa kwa chupa tofauti, pima pH na chumvi papo hapo, na usisahau kuosha kabla ya Ludox. Kwa upande wa maji baridi ya jirani zetu, tafuta kazi za Eyualem Abebe na August Coomans, walioeleza minyoo wa maziwa ya Ethiopia miaka ya 1990; michoro yao itakusaidia kuliko funguo za Ulaya.

Mwanachama wa Usa River: Naongezea: kwa kumwokota mnyoo mmoja mmoja, unyoya wa kope uliogundishwa kwenye kijiti cha mwanzi unashinda sindano.

Mwandishi: Kweli, nami hutumia hivyo. Unyoya huo uoshwe kwa ethanoli baada ya kila sampuli, vinginevyo mnyoo wa Duluti atajikuta kwenye slaidi ya Karanga. Slaidi zenyewe zilazwe, zisisimamishwe, kwa sababu gliserini ni nzito na mnyoo huteleza polepole hadi kwenye nta, ambako hatasomeka tena.