SOMO: Kupima TB kwa wanaolala nje

Naandika mara moja, maana kila wiki naulizwa hili hili.

1. Nendeni baada ya saa tatu usiku. Mchana wako kwenye kuokota chupa na kubeba mizigo.

2. Salimia, chuchumaa, jitambulishe. Ukisimama juu yake atadhani ni mgambo.

3. Uliza: kikohozi cha wiki mbili au zaidi (mwenye VVU, hata cha siku moja), homa, jasho la usiku, kukonda. "Ndiyo" moja inatosha kumpima.

4. Asukutue kwa maji, avute pumzi ndefu, akohoe makohozi kutoka kifuani, ayateme kwenye kikopo, mahali pa wazi. Mate hayafai. Jina liandikwe kwenye kikopo, siyo kwenye kifuniko.

5. ATAPATIKANA WAPI? Hapa ndipo nilipoharibu. Mmoja niliandika jina lake kamili na "Kariakoo", basi. GeneXpert, mashine ya kupima makohozi, hutoa majibu kwa saa mbili hivi, na majibu yakaja: ana TB. Nikarudi na karatasi mkononi, hakuna anayemjua kwa jina lile. Tulimpata siku ya kumi na moja, kibaraza kingine, amejifunika boksi moja na wenzake wawili. Siku zote hizo anakohoa nao. Sasa nauliza: hapa wanakuitaje? Mvua ikinyesha unahamia wapi? Nani hukosi kumwona kila siku? Mara nyingi ni mama lishe au mlinzi. Angalizo: huyo usimwambie ugonjwa, hata akikubana. Sema unamtafuta tu. Siri ikivuja, anafukuzwa hata pale kibarazani.

6. Akikutwa na TB, mpeleke kliniki wewe mwenyewe. Dawa ni bure, kwa kawaida miezi sita.

MASWALI

– Akishindwa kukohoa nichukue mate?
Hatua ya 4. Soma tena.

– Si wakamatwe tu wapimwe wote?
Hapana. Lete karandinga leo, kesho hutamkuta hata mmoja, na wagonjwa watakuwa wamejificha nayo.

– Nauza kahawa usiku. Mteja wangu yuko kwenye dozi, vidonge anaficha kwenye soksi, vinalowa. Nimsaidieje?
Asante sana kwa kuuliza, ndugu yangu. Akiridhia, nendeni wote kliniki uandikwe msimamizi wake wa dawa, vikae kwako, ameze mbele yako. Mwambie mkojo utageuka rangi ya chungwa, ni rifampisini hiyo, asiogope akaacha.

– Nyongeza: mgonjwa wangu nilimtunzia vidonge kwenye kopo la plastiki la kufunga kwa kuzungusha. Masika nzima hakikulowa hata kimoja.
Hiyo naichukua.